Herufi Zilizoshiba

Kotka, mwaka wa sabini na sita, theluji bado iko mapaani,
Raili Vainikka alifungua bahasha iliyotoka ng'ambo
akacheka peke yake dukani.
Herufi gani hizi! Hazina kona hata moja.
a imekalia tumbo lake.
g, mkia umevimba kama soksi iliyofichwa chungwa.
o ni kitumbua kilichotobolewa kwa kidole kikingali moto,
na s, maskini, imejikunja
kama mgeni aliyekula mara mbili
kisha akakaribishwa kiti cha mtoto.

Kazi yake ilikuwa ya kusugua.
Unalaza karatasi juu ya kadi, unasugua kwa kitako cha kalamu,
unabandua taratibu, pumzi umeibana,
na herufi inabaki, nyeusi, inang'aa.
Ukikimbilia, inachanika shingoni.
Haraka hapa haina baraka
wala haina herufi.

Wa kwanza kuzitaka alikuwa Pelkonen mwoka mikate:
kahvi, pulla, kakku.
Kifini kina njaa ya a, kinakula k tatu katika keki moja.
Jumatano haijafika, a zimekwisha.
Raili akachukua wembe, akaikata d shingo,
ikawa a.
Na kwa kuwa waliochora karatasi ile hawakujua
kwamba huku kuna a inayovaa nukta mbili kichwani,
aliziiba nukta kwenye j
akazibandika kama macho.
Ikamtazama. Akaitazama.
Wakaelewana.

Baadaye zilienea kama upele wa furaha:
ukumbi wa viatu vya magurudumu,
msusi wa barabara ya bandarini,
chupa za jemu ya beri, dobi,
tangazo la dansi ya Jumamosi ambayo mpiga kodiani hakutokea.
Hata daktari wa meno alizitaka,
watoto wasilie mlangoni.
(Walilia. Lakini walilia wakisoma.)

Meneja wa benki alikataa.
"Deni likiandikwa hivi," alisema, "nani atalilipa?"
Raili hakubishana.
Kuna maneno yanayohitaji mifupa.

Ndipo akaja Hilkka Suopelto, koti jeusi, mikono mitupu.
Mumewe aliuza aiskrimu sokoni miaka thelathini,
mtu wa kitambi, mtu wa kucheka mpaka kofia ianguke.
"Nataka zile nene," alisema. "Kwenye jiwe."
Raili alisogeza kalamu, akairudisha ilipokuwa.
"Za kaburini huwa nyembamba, Hilkka."
"Yeye hakuwa mwembamba."

Oiva.
Irabu tatu na konsonanti moja inayozitenganisha.
Raili alilichora jina kwa mkono, kubwa,
akaliviringisha hata lile v lililozaliwa na ncha.
Tenho mchonga mawe aliguna:
granaiti haijui kucheka, patasi inateleza kwenye mviringo.
Wiki tatu aliguna.
Siku ya nne ya wiki ya nne akaacha kuguna,
akapitisha kidole gumba ndani ya O, akizunguka, akizunguka,
bila kumwambia mtu.

Mchungaji alisimama mbele ya jiwe, akakohoa.
Kila mtu alingoja karipio.
"Naam," alisema. "Ndiye."

Mimi nilifika majuzi tu, duka limeshakuwa la miwani.
Binti yake Raili alinivutia droo:
karatasi zile zile, zimekuwa njano pembeni,
zimetobokatoboka kama nguo iliyoliwa na nondo.
Zimebaki safu za q, x na w,
hazijaguswa, zimenona kwa kukosa kazi,
maana Kifini hakina haja nazo.

Nikaomba moja. Nikapewa q.
Nimeisugua nyuma ya daftari hili,
tumbo mbele, mguu mmoja chini,
imesimama kama mtu anayesubiri kuitwa jina.
Na lugha yangu, nayo, haina neno la kuipa.